Ungo wa Nuru na Maji ya Mlango

Mimi, Skolastika Mgaya, ndiye niliyeufundisha mwanga kuona ndani ya binadamu. Wengine watakuambia ni wasomi wa mjini, waache. Haya, nikiwa mkweli kidogo, aliyeufundisha ni ng'ombe wangu, Shangwe. Na Shangwe naye hakufundisha kitu, alisimama tu zizini akicheua huku nikimkamua. Lakini kopo nililibeba mimi, mlima mzima, kwa magoti haya haya mawili, na hilo hakuna wa kunipokonya.

Padri aliyenibatiza alisema Skolastika maana yake ni mtu wa shule. Shule niliimaliza darasa la saba, na darasa la tano nilikaa miaka miwili kwa jinsi nilivyolipenda. Kwa hiyo mambo ya nuru nitakayoyasimulia hapa, ukiona nimeyapinda mahali, ujue niliyemsikiliza alikuwa anatetemeka kwa baridi na meno yake yalikuwa yanagongana.

*

Zahanati yetu ya Idunduma iko juu kabisa ya kijiji, huku Njombe, mahali ambapo ukungu hulala mpaka saa nne. Ukifungua mlango asubuhi unakuta dunia haijafika bado. Siku niliyoitwa mara ya kwanza, mwezi wa tatu, nilimkuta msichana mmoja amejikunyata ndani ya makoti, pua tu ndiyo iko nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari au ndiye mgonjwa?"

"Mimi ni Raya. Dokta Raya Shoka. Si daktari wa watu, bibi, ni wa nuru."

"Nuru nayo huumwa?"

"Hapa kwenu? Inapotea njia kila asubuhi."

Nikampenda hapo hapo. Mpemba aliyepandishwa milimani, makoti matatu mwilini, na bado ana utani.

Juu ya kitanda, kutoka darini, kilining'inia kitu cheupe cha duara, kipana kama ungo wa kupepetea, chenye vijicho elfu kumi visivyopepesa. Sisi tuliuita Ungo siku ile ile, na jina lake la Kizungu likafa bila kuugua. Siku hizi zahanati hazina mtu wa kukuuliza unaumwa wapi. Unalala, Ungo unakumulika, tamko linatoka. Kabla hujafunga vifungo vya gauni, nafasi yako ya kisu imeshapangwa hospitali kuu, ambako hata anayeshika kisu si mtu. Ukikataa tamko, unaondolewa kwenye matibabu yote miaka mitatu. Wanasema midomo ya wagonjwa hudanganya na mikono ya madaktari huchoka, ila nuru haina sababu ya kusema uongo.

"Nasikia wewe ndiye mwenye ng'ombe wa mwisho kata hii," Raya akasema.

"Wa mwisho wa kwato nne. Hayo mengine mnayokunywa yanatoka kwenye pipa."

"Ya pipa hayanifai. Yametengenezwa sawasawa mno, kila tone la mafuta lina ukubwa wa mwenzake. Nyama ya mtu ni vurugu, bibi. Nataka maziwa yenye vurugu."

"Shangwe ni vurugu tupu. Uulize mguu wangu wa kushoto."

Akacheka, akanishika kiganja, akakiweka juu ya tochi. Vidole vikawaka vyekundu kama makaa. Hilo hata mtoto analijua, nikamwambia.

"Sasa mwanga umepita, sivyo? Mbona huoni mifupa?"

Miaka sabini na mitatu nina mkono huu, sijawahi kuuliza.

"Kwa sababu haukupita moja kwa moja," akasema. "Mwanga ni chembe, bibi. Kila chembe ikiingia hapa inagonga kitu, inageuka. Inagonga kingine, inageuka tena. Mara mia, mara elfu. Nyeupe inaingia, damu inazila rangi nyingine, nyekundu ndiyo inayovumilia safari. Na inayotoka huku juu imeshasahau ilikuwa inaelekea wapi."

"Kama mimi nikiingia sokoni."

"Kama wewe ukiingia sokoni. Ila Ungo unakusubiri mlangoni na saa. Chembe iliyogonga mara chache inawahi kutoka. Iliyogonga mara nyingi inachelewa. Chukua sekunde moja, uigawe mara bilioni, halafu kila kipande ukigawe tena mara elfu. Kuchelewa kwenyewe ndiko huko. Kutokana na kuchelewa huko Ungo unazirudisha chembe nyuma, pigo kwa pigo, kila moja na njia yake, mpaka ujue zilimgonga nani humo ndani."

Akauwasha. Kwenye kioo cha ukutani mkono wangu ukafunguka. Sisemi ulipigwa picha; ulifunguka. Mishipa ilitembea kama mito inavyoonekana kutoka mlimani baada ya mvua. Mifupa ilikuwa myeupe, midogo, yenye adabu. Na kwenye kidole cha pete, ambacho pete niliivua mwaka aliofariki Anselmi wangu, nyama ilikuwa bado imebonyea kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Kwa ndani kidole kilikuwa bado kimevaa.

Nikakisugua kidole hicho kwa gumba.

Ndipo akanieleza kazi ya maziwa. Kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza, anayamimina kwenye sanduku la kioo chini ya Ungo. Maziwa hutawanya nuru karibu sawa na nyama. Ungo unaambiwa: hiki ndicho kipimo, huu ndio mwili usio na kasoro. Halafu ndipo unaonyeshwa watu.

"Na maziwa yakiwa si yenyewe?" nikauliza.

"Basi kila mtu atakuwa si mwenyewe." Akacheka. Na mimi nikacheka, nimechelewa kidogo, kama chembe iliyogonga mara nyingi.

*

Sasa nikueleze jambo la nyumbani kwetu, na usikunje uso.

Kwetu maziwa yakitoka kwenda kwa asiye wa nyumba, hutiwa kwanza kikombe cha maji ya mtungi ulioko nyuma ya mlango. Tunayaita maji ya mlango. Mama mkwe wangu alinifundisha wiki ya kwanza ya ndoa, kabla hata hajanionyesha choo kiko wapi. Maziwa yakitoka matupu, ng'ombe huyafuata: atakauka, au atakufa. Ya kunywa wenyewe hayatiwi kitu. Ya nje, kikombe. Siku ukiwa na wasiwasi, viwili.

Sisemi naamini. Nasema niliwahi kusahau mara moja, wiki ya matanga ya Anselmi, na ng'ombe wetu Pendo akateleza bondeni Alhamisi ile ile. Tangu hapo sikujaribu tena. Na kwamba kopo hujaa mapema, hilo nalo silikatai.

Basi kila asubuhi, tangu mwezi wa tatu mpaka wa saba, Ungo wa Nuru ulikuwa unakunywa maji ya mlango. Sikuliona kosa. Kwa macho yangu maji yale yalikuwa sehemu ya maziwa, kama chumvi ilivyo sehemu ya mboga. Nani anakuuliza kama mboga yako ina chumvi?

Jumanne moja wifi yangu Desderia, dada wa Anselmi, akapanda kupimwa. Desderia na mimi tumetaniana miaka hamsini bila kusuluhishwa. Alishuka mlimani polepole, akakaa kwenye benchi langu la jikoni bila kulisema vibaya. Nikajua kuna kitu.

"Wameona kivuli," akasema. "Ziwa la kushoto. Ukubwa wa harage."

"Harage la aina gani?"

"Skola, nina kivuli kifuani na wewe unauliza aina?"

"Nauliza kwa sababu kuna soya na kuna yale makubwa ya Mbeya."

Alitaka kucheka, ikashindikana. "Nyigu inakuja Alhamisi saa nne. Wataliondoa lote. Ziwa lililonyonyesha watu saba, tena mmoja wao ni mchungaji."

Nyigu ni gari la kuruka la hospitali. Tuliliita hivyo kwa mlio wake. Nilimkorogea uji. Mkono wangu uliokoroga ulikuwa ni ule ule uliofunguliwa ukutani, na sijui kwa nini nilianza kuufikiria mtungi wa nyuma ya mlango.

*

Jumatano jioni, jua bado lipo, nikapanda zahanati kusema. Naapa nilikwenda kusema. Lakini ukitaka kuungama, usianze kwa mfano.

"Mwanangu," nikaanza, "kwa mfano tu. Mtu akiupa Ungo maziwa mepesi?"

Macho ya Raya yakawaka. Aliyeishi mbali na watu wa kuzungumza nao kuhusu kazi yake, ukimpa swali umempa mbuzi.

"Ungo utaamini wepesi ndio mwili," akasema. "Halafu ukiletewa mwili wa kweli utauona mzito kupita kiasi. Penye tezi ya kawaida utaona uvimbe. Swali zuri sana, bibi! Njoo."

Akafunga mapazia. Akajaza bilauri ndefu maji, akatia kijiko kimoja cha maziwa yangu, akakoroga, akalaza tochi ubavuni.

Nimeona mambo. Nimeona mapacha wakitoka wameshikana mikono. Nimeona radi ikichagua mti mmoja kati ya mia. Lakini kwenye bilauri ile, karibu na tochi, maji yalikuwa ya bluu. Si bluu ya rangi ya kufulia: bluu ya mbali, isiyoshikika, ya saa nne asubuhi ukungu ukiondoka. Na mwisho wa bilauri, mwanga ulikotokea, palikuwa na rangi ya chungwa, kama jua linapokwenda zake nyuma ya milima ya Kipengere.

"Hakuna rangi humo," Raya akanong'ona, kana kwamba tupo kanisani. "Vitone vya mafuta tu. Vikiwa vingi vimesongamana, kila rangi inagongwa huku na huku mpaka zote zinachanganyika, tunaita nyeupe. Viache vichache. Vile vidogo vinaipiga bluu pembeni zaidi ya wenzake. Nyekundu inakaza mwendo inapita. Hewa nayo ni hivyo hivyo, bibi. Chembe za jua zinagonga hewa, bluu inatawanywa kila upande, inatufikia kutoka kila pembe. Ndiyo anga."

"Kumbe anga ni maziwa yaliyotiwa maji mengi."

"Ndiyo," akasema. "Unaweza kusema hivyo."

Nikaitazama bilauri mpaka macho yakalowa. Maisha yangu yote nimeishi chini ya kitu kile nikakiita juu. Na bluu ile niliijua! Sokoni, tulipokuwa wasichana, tuliinamisha kikombe cha muuzaji tukatazama ukingo wake. Ukiona uzi wa bluu pale maziwa yanapokuwa membamba, unamwacha na maji yake. Raya hakuwahi kuinamisha kikombe. Alitazama namba, na namba aliyoizoea tangu siku ya kwanza ilikuwa ni namba yangu mimi.

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikafikiri: aliyepimwa na maji ni wifi yangu, basi nitampima na maziwa, yaishe kimya kimya. Wengine sikuwafikiria. Sipambi: sikuwafikiria.

"Kesho mpime tena Desderia," nikamwambia. "Kabla ya Nyigu. Moyo wake utulie."

"Tamko halirudiwi, bibi."

"Nimekuuliza swali zuri au sikukuuliza?"

Akaguna, akakubali.

*

Alhamisi asubuhi nilimkamua Shangwe nikapita mbele ya mtungi bila kuutazama. Nilitembea haraka, mgongo ukiwasha, nikisubiri kusikia kwato zikinifuata. Nilipogeuka, Shangwe alikuwa anakula kanga yangu kwenye kamba. Ni mzima huyo.

Raya akamimina sanduku likajaa. Ungo ukanywa nuru. Desderia akalala, akafumba macho, midomo ikitembea. Kwenye kioo kifua chake kikafunguka: mbavu, mishipa, na mahali pale pa harage, nyama tupu yenye amani. Nilishika ukingo wa kitanda. Nilitaka kuimba.

"Hakipo!" nikasema. "Ni rozari. Nimekesha nayo."

Desderia akafumbua jicho moja. "Wewe? Rozari?"

Raya hakuwa anatazama kifua. Alikuwa anatazama namba ya maziwa.

"Bibi, maziwa ya leo yanatawanya nuru zaidi ya jana. Karibu moja ya saba zaidi. Haijawahi kutokea. Umemlisha nini ng'ombe?"

"Majani mapya. Ya bondeni, yana nguvu sana."

"Tangu lini?"

"Tangu jana tu."

Akashusha pumzi, kama aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi. Nilishaogopa. Maana nimepima watu mia mbili na kumi na wawili kwa maziwa yako, na tisa wamepewa tamko la kisu. Sita wameshapelekwa, wanasubiri zamu. Wawili wanaondoka na Nyigu leo pamoja na wifi yako. Kama kipimo cha siku zote kingekuwa kibovu, nisingejua nani kati yao anaumwa kweli. Lakini kama ni majani ya jana, kibovu ni cha leo." Akaugusa ukuta, kifua cha Desderia kikafutika. "Nakifuta. Samahani, mama. Tamko la Jumanne linabaki."

Niliona rangi ikimtoka Desderia usoni. Hakulia. Alianza kufunga vifungo vya gauni kuanzia chini, akakosea, akaanza upya.

Basi uongo wangu ulikuwa umekwenda umerudi, umegonga kila kitu humo chumbani, na ulipotoka ulikuwa umeelekea kifuani kwa wifi yangu. Ningesema neno moja. Ningesema maji. Ulimi uliolala na kuamka na maneno miaka sabini na mitatu ukalala tu kama kiatu.

"Kunywa chai kwanza, mama," Raya akamwambia, sauti imemshuka. Alimtilia maziwa ya leo yaliyobaki kopani, mengi, kwenye bilauri ya kioo, kwa huruma. Mbali, upande wa Makambako, mlio wa Nyigu ulikuwa umeanza kusikika.

Desderia akaipokea bilauri kabla chai haijatiwa. Akaiinamisha. Akautazama ukingo wake, kwa mazoea, kama tulivyofundishwa sote sokoni. Akaonja.

"Skola!" akafoka, na nguvu zote za miaka hamsini zikamrudia. "Haya maziwa ni matupu!"

"Kunywa, wifi."

"Umeyatoa nyumbani matupu! Mama alikufundisha nini? Kila siku unatia, leo ndiyo unaacha? Unataka Shangwe afe wiki ninayopasuliwa?"

Raya akageuka taratibu. "Anatia nini kila siku?"

"Maji ya mlango! Ya kuyatoa maziwa nyumbani!"

"Ya kumnawisha ng'ombe," nikadakia. "Kwato. Wifi yangu kazeeka, mwanangu, anachanganya mambo."

"Mimi nachanganya?"

Raya alikwenda dirishani, kwenye rafu, lilipokuwa jagi la kioo lenye maziwa ya jana aliyojiwekea ya chai. Nje ukungu ulikuwa unapasuka, na jua la kwanza likaingia moja kwa moja juu ya rafu. Akaichukua bilauri mkononi mwa Desderia, akaiweka kando ya jagi, akaviinamisha vyote viwili kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa anatazama maziwa kwa macho yake mwenyewe.

Ya leo yalikuwa meupe mpaka ukingoni. Ya jana, pale yalipokuwa membamba dhidi ya kioo, yalikuwa na uzi mwembamba wa bluu, mzuri kupita kiasi, ile ile ya Jumatano jioni.

"Bibi," akasema, bila kuondoa macho kwenye jagi, "anga hili limeingiaje humu?"